Dada Yetu Amekonda

Rodney alipandisha picha mbili kwenye Facebook saa tatu asubuhi, na kufikia saa sita mchana dada yake alikuwa ameshafariki mara mbili kwenye maoni.

Picha ya kushoto ilipigwa miaka miwili iliyopita, Nasimiyu alipokuja likizo kwao Kimilili: mama mzima wa kilo mia moja ishirini na sita, mashavu yamejaa, gauni la kitenge limetandazika kama pazia la ukumbi. Ya kulia Rodney aliinasa kwenye simu ya video ya Jumapili: shingo ndefu, mifupa ya mabega imeanza kuonekana, macho makubwa kuliko uso unaoyabeba. Juu akaandika kwa herufi kubwa kwamba dada yetu alienda Qatar hivi, sasa yuko hivi, Wakenya tusaidieni, anateswa.

Mtu mwingine akipata picha mbili kama hizo anafungua biashara ya dawa ya kitambi. Rodney alifungua kampeni ya uokoaji. Watu elfu moja na mia tatu wakalia naye. Mmoja alijua kwa hakika kwamba wanafyonzwa damu. Mwingine alikuwa na binamu ambaye jirani yake alirudi na figo moja. Mama mmoja wa Eldoret aliandika kwamba anasikitika sana kwa yaliyompata dada huyu, lakini anaomba kujua ametumia nini. Alitukanwa mpaka akafuta.

Marehemu mwenyewe wakati huo alikuwa Al Rayyan, amepiga magoti sakafuni, anamkata kucha za miguu bibi wa miaka sabini na minne. Simu ilikuwa inatetemeka kwenye mfuko wa aproni kama kuku aliyefungwa miguu. Umm Khalifa, mwenye zile kucha, akamwambia aishike, huenda ni mumewe.

Hakuwa mumewe. Alikuwa Jebet, ambaye wanaishi nyumba moja na ambaye jana yake tu walikuwa wakitazama televisheni pamoja. Jebet alikuwa ametuma ile posti, nyuso tatu za kilio, na swali moja: mbona hukuniambia wanakutesa?

Nasimiyu akazima simu, akarudi kwenye kidole gumba. Hakuteswa. Jambo lililompata lilikuwa rahisi kuliko yote yaliyoandikwa, na lilikuwa hilo hilo moja ambalo hangeweza kulitaja: miezi minne nyuma, katika hospitali moja ya binafsi, alilala mezani kwa hiari yake, madaktari wakamkata tumbo la ndani wakalitupa karibu lote, wakambakishia kipande chenye ukubwa wa ndizi.

*

Katika nyumba ya Umm Khalifa hiyo haikuwa siri, ilikuwa mazungumzo. Mabinti zake watatu walikuwa wamekatwa. Khalifa mwenyewe, mwanawe wa kwanza, alikuwa amekatwa. Kila Alhamisi walikuja na watoto wao, wakaketi na kahawa na tende, wakaulizana nani amefika kilo ngapi kama watu wanaoulizana matokeo ya mpira.

Wazo lilianzia bafuni. Nasimiyu aliinama kumwinua bibi kutoka kwenye kiti chake cha kuogea, magoti yakakataa, wote wawili wakajikuta sakafuni wameegemeana. Kwanza walicheka. Baada ya robo saa, hakuna aliyekuwa anacheka. Ilibidi dereva wa jirani aitwe, na kabla hajaingia wakahangaika kumfunika bibi kwa taulo, mkono wa Nasimiyu ukivuta huku na mkono wa bibi ukivuta kule. Jioni hiyo Umm Khalifa, ambaye jina la Nasimiyu lilimshinda miaka sita iliyopita akalifupisha, alimwambia: "Nasima, katika nyumba hii lazima mtu mmoja awe na magoti, na mimi yangu yameshaisha."

Daktari aliongeza habari ya sukari, na presha, na umri wa miaka thelathini na sita. Umm Khalifa akalipa nusu. Nusu ya pili Nasimiyu aliitoa mahali ambapo hakupenda kupafikiria: zilikuwa pesa za mabati ya jikoni kwa mama yake. Alimpigia mama, akamwambia mwaka huu mkono umekauka, tuombe Mungu mwaka kesho. Mama akasema haya, Mungu yupo, akaweka sufuria nyingine chini ya tundu.

Sasa mtu amwambieje mzazi kwamba jiko lako linavuja kwa sababu mimi nimelipa watu wanizuie kula? Mama aliyemlea kwa kumwambia amalize sahani. Mama ambaye kila mtu akirudi kutoka nje anampima kwa macho kuanzia shingoni, akimwona amenona anasema huyu kazi yake ni nzuri.

Kwa hiyo Nasimiyu hakusema. Mumewe Nahashon alijua, kwa kuwa ndiye aliyetia sahihi hospitalini. Wengine waliouliza Doha waliambiwa mawe ya nyongo; Kimilili hawakuambiwa kitu.

*

Jebet ndiye aliyeyaamini mawe hayo kwa moyo wake wote. Alikuwa bawabu kwenye jengo refu moja kule Lusail, mwanamke wa sauti nene na huruma nyingi, na alipanga chumba cha pili katika nyumba waliyoishi Nasimiyu na Nahashon kule Al Mansoura, Doha. Siku Nasimiyu aliporudi kutoka hospitalini, Jebet alisoma kwenye simu kwamba mgonjwa wa nyongo hatakiwi hata kunusa mafuta. Akachukua chupa ya mafuta ya kupikia akaifungia kwenye kabati lake la nguo. Akapiga marufuku chapati. Akapiga marufuku mandazi, samaki wa kukaanga na vitunguu vya kukaanga. Miezi minne watu watatu wazima walikula sukuma wiki ya kuchemsha, na Nahashon, aliyejua ukweli, ndiye aliyeumia zaidi, maana hakuwa na haki ya kulalamika. Alikuwa akiendesha basi la wafanyakazi wa hoteli, na mara nyingine alipaki pembeni ya mkahawa wa Wahindi akala paratha mbili, chapati zao za mafuta, peke yake kama mwizi.

Jioni ile ya picha waliketi wote watatu kitandani kwa Nasimiyu, simu katikati. Mama alikuwa amepiga mara kumi na moja. Rodney alikuwa ametuma ujumbe wa sauti, wa dakika nne, anapumua tu na kusema sista, vumilia, tunakuja.

Nahashon akatoa wazo. Alisema mama aambiwe tu yale ambayo hata Jebet anayajua: mawe ya nyongo. Amwambie mama aliugua, akatibiwa, amepona, anakonda kwa sababu hali mafuta. Jebet akaunga mkono, akasema na ni kweli hali, mimi ni shahidi.

Nasimiyu akampigia mama akasema hivyo. Mama alisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja: "Walikupasua?"

"Kidogo tu, mama. Matundu madogo."

"Wakatoa nini?"

"Nyongo."

Upande wa pili kukasikika mama akimwita Rodney kwa sauti ambayo Nasimiyu hakuwa ameisikia tangu siku nyumba ya kuku ilipoungua.

Jebet naye, kwa nia njema kabisa, aliingia kwenye maoni. Aliandika kwamba yeye anaishi na Nasimiyu Doha, kwamba dada huyu hateswi na mtu, alitolewa nyongo tu, na sasa anaendelea vizuri. Aliweka na moyo mwekundu mwishoni.

Asubuhi walipoamka, Rodney alikuwa amebadilisha kichwa cha habari. Kilisema: SHAHIDI AMETHIBITISHA. WALIMTOA KIUNGO.

*

Siku ya tatu Khalifa alikuja nyumbani kwa mama yake saa ambazo huwa kazini. Alisimama mlangoni mwa jikoni na kanzu yake nyeupe, uso umemshuka, akamwuliza Nasimiyu kama kuna jambo ambalo nyumba hii imemkosea. Amepigiwa simu na ofisi inayoshughulikia wafanyakazi. Wamepata malalamiko kutoka Kenya kwamba anayefanya kazi hapa ananyimwa chakula na alipasuliwa bila ridhaa. Walizungumza kwa adabu, alisema Khalifa, lakini Jumapili asubuhi wanatakiwa wote wafike, yeye, Nasimiyu na karatasi za hospitali.

Nasimiyu akamwambia yeye mwenyewe ndiye atakayewaeleza, wasiwe na wasiwasi. Khalifa akasema ofisini hana wasiwasi, karatasi zipo. Ila mama amesikia.

Umm Khalifa alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu, mikono mapajani. Bibi huyu kwa miaka sita alikuwa amemsukumia Nasimiyu tende, wali, nyama ya mbuzi, na akikataa anamwambia kula, wewe ni mgeni wangu. Hakuuliza kuhusu ofisi. Aliuliza kwa Kiarabu chake cha taratibu, kile anachokitumia ili Nasimiyu aelewe kila neno.

"Nasima. Mimi nakunyima chakula?"

"Hapana, mama."

"Basi kwa nini nyumbani kwenu hawajui ni daktari?"

Nasimiyu akasema aliona aibu. Umm Khalifa akauliza aibu gani, mtu aliyetoa jino anaona aibu? Nasimiyu akajaribu kumwelezea Kimilili, na mabati, na sahani, na jinsi mwili wa mtu aliye nje ya nchi unavyosomwa nyumbani kama barua. Kiarabu kikamwishia katikati ya mabati. Umm Khalifa akatikisa kichwa, si kwa hasira, akaomba apelekwe chumbani. Mchana huo alikataa kuoshwa nywele, na tende hakumsukumia mtu.

Nasimiyu alikuwa anaanika taulo aliposoma ujumbe wa Tiffany, binti yake wa miaka tisa anayekaa na nyanya yake Kimilili, aliotuma kwa simu ya mjomba. Uliandikwa bila nukta wala mkato: mum nyanya anauza ng'ombe jumamosi mtu amekuja kumpima ni ya kukununulia tiketi urudi.

Ng'ombe huyo alikuwa wa gredi, wa kisasa wa maziwa. Nasimiyu ndiye aliyemnunua, mwaka wake wa pili Doha. Alikuwa akikamuliwa lita kumi na mbili kwa siku, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa karo ya Tiffany, sukari ya nyumba, na heshima ya mama yake, Mama Milcah, mbele ya kina mama wenzake.

*

Ijumaa Nahashon hakuwa na zamu. Alilala chali akitazama dari, na mkewe akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi.

Nahashon alisema wanaweza kuzuia ng'ombe bila kutaja tumbo. Wamwambie mama asubiri mwezi mmoja. Watume picha akiwa anacheka, amevaa nguo pana. Nasimiyu akamwuliza na Jumapili je, ofisini ataeleza ukweli kwa maafisa wasiomjua, halafu mama yake aendelee kuambiwa nyongo? Na yule bibi aliyelipa nusu aendelee kuitwa mnyonya damu na watu wa Facebook?

"Mama Tiffany, nisikilize," Nahashon akasema, akaketi. "Ukisema, hutaitwa tena Nasimiyu. Utaitwa yule aliyekatwa tumbo. Harusini wakipakua watakutazama sahani. Ukinenepa tena, wataulizana kama ulirudishiwa."

"Na nisiposema?"

"Utakuwa Nasimiyu."

"Marehemu Nasimiyu. Hujasoma maoni."

Nahashon akacheka bila kutaka. Kisha akasema lile lililokuwa linamsumbua tangu Jumatatu, kwamba yeye pia ana sehemu yake ya aibu: Kimilili watauliza mume gani aliyetia sahihi. Nasimiyu akakaa kitandani kando yake. Miezi minne iliyopita kitanda hicho kilikuwa kinalalamika akikaa, sasa kilinyamaza. Akasema yeye atamtaja daktari na atajitaja mwenyewe, na mume atasema alikuwa kazini.

"Sitasema nilikuwa kazini," Nahashon akasema. "Nilikuwa pale. Nililia hata, wewe umelala kwa dawa."

Hilo alikuwa hajawahi kumwambia.

*

Jumamosi mnunuzi alipangiwa kufika saa nne. Saa tatu na nusu Nasimiyu aliiegemeza simu kwenye chupa ya kahawa, jikoni kwa Umm Khalifa, akapiga.

Sebule ya Kimilili ilikuwa imejaa. Rodney alishika simu, kifua mbele, kofia ya kampeni ya mtu fulani kichwani. Mama Milcah alikuwa kwenye kochi, leso kichwani, Tiffany ubavuni mwake. Mchungaji Herbert alikuwepo na Biblia. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa amewahi, amekaa kwenye stuli na kamba yake mapajani, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia atoke, naye akawa mwanakamati.

Nasimiyu alikuwa ameandaa utangulizi mrefu. Alipomwona mama yake ule utangulizi ulitoweka. Akasema moja kwa moja kwamba hakuna mtu aliyemtesa, hakuna mawe ya nyongo, hayajawahi kuwepo. Alikwenda hospitali mwenyewe, akaomba, akakatwa tumbo ili apungue, kwa sababu ya sukari na magoti. Alikuwa kilo mia moja ishirini na sita. Sasa ni tisini na tatu. Hivi ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Rodney alikuwa wa kwanza kupata sauti. Alisema sista, najua umesimamiwa na mtu hapo, kama uko hatarini kohoa mara mbili.

Kwa bahati mbaya wakati huo huo kiti cha magurudumu kiliingia jikoni. Umm Khalifa alikuwa amesikia kelele, na Khalifa alikuwa anamsukuma. Rodney alipoiona ile kanzu nyeupe kwenye skrini akamwambia mchungaji, si nilisema. Herbert akafungua Biblia bila kujua anatafuta nini.

Nasimiyu akamgeukia Umm Khalifa, akamweleza kwa Kiarabu chake chenye matundu kwamba amesema. Amewaambia wote. Hawaamini. Umm Khalifa akamtazama kitambo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akatabasamu. Akamwamuru mwanawe awaonyeshe kovu. Khalifa akakataa kwa heshima zote. Akaamriwa tena. Basi akafikiria, akatoa simu yake, akatafuta kitu, akaiinua mbele ya ile nyingine.

Zilikuwa picha mbili, moja kushoto, moja kulia. Kushoto, Khalifa alikuwa amejaza kochi la watu wawili. Kulia alikuwa huyu huyu aliyesimama hapo, shingo ndefu, macho makubwa.

Sebule ya Kimilili ikaisogelea simu. Mnunuzi wa ng'ombe akasema kwa sauti ya mtu anayejua uzito wa kitu kwa macho tu kwamba hapo zimetoka kilo sabini, hazipungui. Khalifa alipotafsiriwa akasema sabini na mbili.

"Kwa hiyo na huyu walimtesa?" Tiffany akauliza.

Rodney alikuwa anatazama tumbo lake mwenyewe.

Mama Milcah akasimama. Akamwambia mchungaji chai iko nje, akamwambia mnunuzi aende na kamba yake, akamwambia Rodney alete hiyo simu na atoke. Mlango ukasikika ukifungwa. Khalifa naye akaelewa bila kutafsiriwa, akatoka. Umm Khalifa hakutoka. Alisema mama wa Nasima ni mama mwenzake, na kwa vyovyote haelewi lugha.

"Nasimiyu."

"Mama."

"Uliniambia mkono umekauka."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe zilikuwepo. Zimeingia tumboni."

Nasimiyu akasema ndiyo. Akasema alijua ni za mabati, alizitoa akijua, na kila mvua iliponyesha kule Rodney akaitaja, yeye huku hakulala.

"Nina masufuria matatu hapo jikoni ya kukinga. La nne nimeazima kwa mke wa Herbert, na kila Jumapili ananiuliza." Mama akavuta leso, akaifunga upya. "Halafu nikakuona kwa simu na hiyo shingo. Tangu siku hiyo chakula cha jioni hakinipiti. Nasema mtoto wangu amelala njaa, mimi nashiba kwa raha gani?"

Nasimiyu akajifuta uso kwa aproni. Hilo hakulipigia hesabu. Alikuwa amehesabu kicheko, na masengenyo, na hasira ya mabati. Hakuhesabu kwamba kuna mtu angekonda naye.

"Magoti yanauma?" mama akauliza.

"Hayaumi tena."

"Na sukari?"

"Wameniondolea dawa moja. Imebaki moja."

Umm Khalifa alitazama kutoka uso huu hadi ule, kama mtu anayefuatilia tamthilia ambayo amekosa sehemu za mwanzo.

"Basi acha livuje," mama akasema. "Jiko halina magoti."

Kisha akaikaribia simu mpaka likaonekana jicho moja tu na kipande cha pua. Akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za chumbani, hilo tumbo lililobaki linaingia ugali kiasi gani. Nasimiyu akatazama huku na huku, akachukua kile kikombe kidogo kisicho na mkono ambacho Waarabu hunywea kahawa, akakiinua.

"Hicho ni kikombe ama kifuniko?"

"Kikombe, mama."

"Na huyo bibi anakubali ule hivyo?"

Nasimiyu akatafsiri. Umm Khalifa akainua mikono juu, akajibu kwa maneno mengi, na tafsiri yake ilikuwa kwamba anapiga kelele kila siku, lakini hawa waliokatwa hawasikii la mtu. Mama Milcah akamsikiliza mpaka mwisho ingawa hakuelewa neno, akasema, "Mwambie asante kwa kukupigia kelele."

*

Rodney hakufuta posti. Mtu mwenye watu elfu moja na mia tatu nyuma yake hafuti. Aliandika nyingine chini yake, kwa herufi kubwa vile vile, kwamba dada yetu yuko salama, alijifanyia mwenyewe, kwa ridhaa yake, hospitalini. Nusu ya watu walisema Rodney amehongwa. Yule mama wa Eldoret alirudi, akaandika neno moja, nilijua, na chini yake wanawake arobaini na sita wakaomba namba. Usiku Rodney mwenyewe alimtumia dada yake ujumbe akitaka kujua hiyo kitu huwa ni riyali ngapi. Ni rafiki yake ndiye anayeuliza.

Posti hiyo Nasimiyu hakutaka Jebet aisome peke yake kule getini Lusail, kwa hiyo Jumamosi jioni alimngoja jikoni mpaka akarudi, akamwambia yote kabla hajavua viatu vya kazi. Nahashon alisimama mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Jebet alisikiliza amesimama. Habari ya tumbo hakuishughulikia. Habari ya mabati aliipitisha. Kuna mahali alikuwa anapasubiri, na Nasimiyu alipofika mwisho bila kupagusa, akapagusa mwenyewe.

"Kwa hiyo nyongo iko?"

"Iko."

"Haijawahi kuwa na mawe."

"Haijawahi."

"Miezi minne," Jebet akasema. "Mimi Jebet nimekula sukuma ya kuchemsha miezi minne. Nimekataa chapati za watu kazini, nikawaambia nyumbani nina mgonjwa." Akamgeukia Nahashon. "Na wewe ulijua."

Nahashon akasema paratha za Wahindi hazikuwa tamu vile, lakini alisema kwa sauti ndogo.

Jebet akaingia chumbani kwake. Wakasikia kabati likifunguliwa. Wakatazamana, wakingoja kusikia mizigo ikifungwa, maana mwenzao huyu akikasirika huwa hazungumzi. Akatoka na chupa ya mafuta, imejaa vumbi, ameikumbatia kama mtu aliyemtoa ndugu yake mahabusu.

Alikanda unga bila kusema neno. Alikaanga chapati kumi na tano huku amewapa mgongo, na mafuta hakuyaonea huruma. Moshi ukatoka mpaka jirani Mfilipino akagonga ukuta. Nahashon alipewa nne, zikatupwa sahanini kama barua ya onyo. Alizila zote amesimama, amefumba macho.

Mwisho Jebet akachukua moja, akaikata katikati, akaitazama. Akaikata tena. Akamtazama Nasimiyu kuanzia shingoni kwenda chini, akakata tena, kikabaki kipande kama sikio la mbuzi. Akakiweka kwenye sahani kubwa, peke yake, akakisukuma mezani.

"Kinatosha?"

"Kinatosha, dada."

"Kula basi nikikuona," Jebet akasema, akavuta kiti. "Ukikiacha, nampigia Rodney."